Waacheni waulizane: maneno kwa wazazi na vijana wa Dodoma kuhusu UKIMWI

Haya niliyasema mbele ya wazazi, walimu na vijana wa klabu yetu hapa Dodoma. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni maana waliokosa kikao ni wengi na wameniomba.

Mbukwenyi! Asanteni. Shikamooni wazee wetu, mwenyekiti wa mtaa, mashehe na wachungaji mliofika, walimu wenzangu, na akina mama ambao najua leo ni Jumamosi na mmeacha biashara Majengo na Sabasaba mkaja kukaa hapa kunisikiliza, nawashukuru sana sana. Na nyie wanangu, mambo vipi?

Najua kilichowaleta wengi wenu. Mmesikia watoto wanaongea kwa vidio na watoto wa Uganda, wa Afrika Kusini na wa Marekani, na mmesikia wanachoongea ni UKIMWI, na kuna mama kaniuliza kwa uchungu kabisa, mwalimu, hivi mtoto wa miaka 15 ana kitu gani cha kufundishwa na mtoto mwenzie wa Kampala kuhusu huo ugonjwa ambacho mimi mama yake siwezi kumwambia? Swali zuri na nimekuja kulijibu. Mtoto akiulizwa na rika lake wa mbali, mtu asiyemjua baba yake wala mtaa wake, hawezi kujibu kwa kukariri, maana yule wa huko atamuuliza tena kwa nini, na kwa nini tena, mpaka yeye mwenyewe agundue kwamba hajui, na akishagundua hajui ndo anaanza kutafuta. Hapa kwetu tumezoea kuwapa majibu ya maswali ambayo hawajayauliza. Anaandika kwenye daftari njia za maambukizi, moja mbili tatu, anapata vema zote kwenye mtihani, halafu usiku mwenzie wa kitanda cha juu akimeza kidonge anahamisha godoro.

Sasa niwaeleze tunavyofanya maana wengine mnadhani wanakaa tu na simu. Hatukuanza na ugonjwa. Tulianza na ngoma. Watoto wetu walirekodi muheme, wale mabinti wamebana ngoma katikati ya mapaja wanapiga kama bibi zao wanavyopiga, na kijana mmoja akapiga ilimba, kile kinanda cha vidole cha Wagogo, wakatuma. Wakaeleza na chakula, ugali wa uwele na mlenda, wakaeleza zabibu za Dodoma. Wenzao wa Afrika Kusini wakatuma ngoma ya mabuti ya raba, ile ya kupiga mabuti kwa viganja na kukanyaga chini kwa kishindo, watoto wetu waliirudia hapa uwanjani mpaka vumbi likajaa.

Lakini mtoto akishaipenda ngoma anataka kujua imetoka wapi. Wakauliza. Wakajibiwa kwamba ilianzia kwenye migodi ya dhahabu kule Johannesburg, wanaume wametolewa vijijini, na wengine nchi za jirani kabisa, Lesotho, Msumbiji, Malawi, wanafanya kazi chini ya ardhi, wanalala mabweni ya wanaume watupu, mke yuko nyumbani anaonwa mara chache kwa mwaka. Na binti mmoja wa huko akasema kwa utulivu kabisa, babu yangu alikuwa mmoja wao, na hivyo ndivyo virusi vilivyosafiri mpaka kijijini kwetu, siyo kwa sababu watu walikuwa wabaya, ila kwa sababu kazi ilikuwa imewatenganisha.

Jamani, pale ukumbini palitokea kitu ambacho mimi kwa miaka yote ya ualimu sijawahi kukipata kwa chaki. Kijana wa kidato cha pili, hata sikumwita, akanyoosha mkono akasema basi ni kama Kibaigwa. Akaeleza soko la mahindi la Kibaigwa, malori yanajipanga, dereva anasubiri mzigo, anakula pale, analala pale, na barabara hiyo hiyo inatoka Dar inapita hapa inakwenda Singida mpaka Rwanda na Burundi. Mwingine akasema na mwaka wa njaa mvua ikigoma kina baba wa vijijini kwetu wanakwenda vibarua Kiteto mpaka msimu uishe. Wakaanza kuchora kwenye ubao, reli, barabara, mgodi, soko, na mishale. Walichora wenyewe! Kile kitu wataalamu wanakiita visababishi vya kijamii, wamekipata kwa kuuliza habari za mabuti. Na kuanzia siku hiyo sijasikia mtoto wa klabu akisema mgonjwa kajitakia.

Sasa nije kwenye hili la mila, maana limesemwa sana, kwamba utamaduni wetu haumruhusu mzazi kuongea haya na mtoto. Nisikilizeni wazee wangu, nasema kwa heshima. Utamaduni wetu ulikuwa na jando na ulikuwa na unyago. Hiyo muheme tunayoicheza leo kwenye sherehe za serikali ilikuwa ngoma ya huko huko. Binti hakuachwa ajiokotee habari za mwili wake njiani, kulikuwa na shangazi, kulikuwa na bibi, kulikuwa na muda wake na nyimbo zake. Sisemi turudishe yote, ukeketaji hapana, kabisa hapana, na utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 uliikuta Dodoma ni ya pili nchini, asilimia 47 ya wanawake, ni kidonda chetu na lazima tukiseme, na wembe mmoja kwa watoto wengi ni hatari ambayo kila mtu hapa anaielewa. Ila ninachosema ni kwamba tumeondoa darasa lenyewe pamoja na wembe. Shangazi yuko mjini, bibi yuko kijijini, mama yuko sokoni, na mtoto ana bando. Huo ukimya wa kwenye sebule zetu siyo mila ya Wagogo wala ya Warangi wala ya Wanyaturu, ni kitu kipya kabisa na kinatugharimu.

Na mjue siyo sisi peke yetu. Watoto wa Marekani nao wakasema kwao wanafundishwa kidogo tu na baba hataki kusikia. Watoto wetu walishangaa sana. Walidhani huko kila kitu kinasemwa.

Hao hao wa Marekani walipopewa zamu ya kuleta hadithi ya kwao walileta ya Ryan White, nataka niisimulie taratibu kwa sababu inahusu shule na inahusu vijana. Ryan alikuwa mtoto wa Kokomo, jimbo la Indiana, alizaliwa na hemofilia, ule ugonjwa ambao damu haigandi, kwa hiyo alikuwa anapewa dawa inayotengenezwa kwa damu za watu wengine. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1984, ana miaka 13, akaambiwa ana UKIMWI. Mwaka 1985 shule ikamkatalia kurudi. Wazazi wengi walitia saini asirudi, walimu nao. Akawa anasikiliza vipindi kwa simu akiwa nyumbani, simu ya waya, darasani wanaongea yeye yuko kitandani. Mama yake akaenda mahakamani, wakashinda, lakini maisha ya pale yakawa magumu mno, wakahama.

Wakahamia mji mdogo unaitwa Cicero, jimbo hilo hilo. Na hapa ndo nataka mnisikilize wanangu. Shule ya Hamilton Heights ilijua anakuja, na kabla hajafika viongozi wa wanafunzi walisaidiana na mkuu wa shule, wataalamu wakaletwa, wanafunzi wakafundishwa, wakauliza maswali yao yote hata yale ya aibu, halafu watoto ndo wakaenda kuwatuliza wazazi wao nyumbani. Ryan alipoingia siku ya kwanza, mwaka 1987, wanafunzi walimpa mikono. Jimbo moja, ugonjwa mmoja, mtoto yule yule, sehemu moja anafukuzwa na nyingine anapewa mkono, na tofauti yake ni nani aliuliza na nani alijibiwa. Alifariki mwaka 1990 ana miaka 18, na mwaka huo huo bunge la Marekani likapitisha sheria yenye jina lake ya kuwahudumia watu wenye VVU.

Watoto wetu walikaa kimya baada ya hiyo. Halafu binti mmoja akauliza, kumbe na Wazungu walifukuzana? Ndiyo mwanangu. Kwa miaka mingi picha ya UKIMWI imekuwa mtoto wa Kiafrika amekonda anaangalia kamera, na mtoto wetu ameikuta hiyo picha kwenye vitabu akaamini kwamba huu ni ugonjwa wa kwake yeye, wa rangi yake. Mimi nilisema tangu mwanzo kwenye haya mazungumzo kwamba hakuna nchi itakayokuwa mgonjwa na nyingine ikawa daktari. Kila nchi italeta aibu yake na kila nchi italeta shujaa wake, na tulivyokubaliana hivyo ndo mazungumzo yakawa mazungumzo.

Waganda walileta Philly Lutaaya, mwanamuziki, mwaka 1989 alisimama hadharani akasema ninao, kipindi hicho hakuna mtu maarufu wa kwao aliyethubutu, akazunguka mashuleni na makanisani akiimba mpaka nguvu zikamwisha. Afrika Kusini wakaleta Nkosi Johnson, mtoto wa miaka 11, alihutubia mkutano wa kimataifa wa UKIMWI pale Durban mwaka 2000, suti imempwaya, akaomba serikali yake iwape wajawazito dawa ili watoto wasizaliwe na virusi kama yeye alivyozaliwa navyo. Mwaka uliofuata akafa. Na sisi tukaleta Kagera, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza nchini, watu wanauita ugonjwa wa Juliana kwa sababu ya vitambaa vya magendo vilivyoitwa Juliana, kutoka ng'ambo ya mpaka, Uganda, wanadhani wamerogwa na wafanyabiashara, na ndani ya miaka michache tu kila mkoa wa bara ulikuwa na mgonjwa, na Dodoma ikiwemo. Watoto wa Kampala waliposikia Juliana wakacheka wakasema sasa na kwetu si walikuwa wanasema umetoka kwenu! Kila upande wa mpaka ulimlaumu mwenzie. Vijana wakaliona hilo wenyewe, sikuongeza neno.

Maswali sasa. Swali lililoulizwa na nchi zote bila kujadiliana ni la mbu. Mbu kamuuma mwenye virusi, akaniuma mimi, je? Na ni haki kuuliza, sisi tunaishi na mbu. Kijana wetu mmoja anayependa baiolojia akalibeba hilo, akaenda kusoma, akarudi kueleza kwamba mbu akikuuma hakuingizii damu aliyoinywa kwa mtu mwingine, anakuingizia mate yake, na vimelea vya malaria vinapita kwa sababu vinakua ndani ya mbu na kuhamia kwenye mate, lakini VVU ndani ya mbu havizaliani, vinameng'enywa tumboni kama chakula kingine. Akachora na mbu mwenyewe, tumbo huku na tezi za mate huku. Mtoto wa Marekani akamwambia asante, nimeishi na hilo swali tangu nikiwa mdogo. Mngeona alivyokaa chini huyo kijana, kama aliyefunga goli.

Likaja na hili ambalo wazazi wengi hapa hamlijui na nataka mlijue leo. Mtu mwenye VVU akimeza dawa vizuri kila siku, virusi vikashuka mpaka kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Siyo maneno ya kufariji. Kulikuwa na utafiti mkubwa ulioshirikisha jozi 1,763 za wapenzi kwenye nchi 9, Malawi, Zimbabwe, Kenya, India, Brazili na nyingine, ambamo mmoja ana virusi na mwenzie hana, na mwaka 2011 matokeo yakatoka kwamba walioanza dawa mapema maambukizi yalipungua kwa asilimia 96, na tafiti zilizofuata zikaonyesha kabisa kwamba virusi vikiwa vimefubaa havipiti. Kwa hiyo yule anayemeza dawa yake tunayemnyooshea kidole ndiye salama, na asiyepima ndiye wa kumsihi. Hata mtoto aliyebakwa au kuchomwa na sindano, zipo dawa za kuzuia, ila zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, kwa hiyo ukikaa siku nne unasuluhisha na familia ya mbakaji umemuua mwanao kwa mikono yako. Samahani kwa ukali. Nimeyaona haya.

Nije kwenye vidonge vya bweni, hili linanikera na sitalipitia juu juu.

Tuna watoto waliozaliwa na virusi, dawa za kufubaza zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 zikawaokoa, leo wako sekondari, warefu, wazuri, wanacheza mpira. Dawa yenyewe siku hizi kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Kimoja! Lakini kikopo kinalia. Ukikitikisa kinalia, na bweni zima linajua sauti hiyo. Kwa hiyo mtoto anatoa vidonge anavifunga kwenye karatasi, anavificha ndani ya kopo la poda au kwenye soksi, unyevu unaingia, anasubiri taa zizimwe, siku matroni akikagua masanduku anavitupa chooni. Kuna shule, siitaji, mtoto aliitwa mbele ya wenzie aeleze hizo ni dawa gani. Aliacha kumeza siku ile ile. Alikuja kwetu amekwisha, mbavu zinahesabika, na alikuwa na akili za hesabu za ajabu.

Tulilipeleka hili kwa wenzetu wa nje bila kutaja mtu. Waganda wakasema kwao kwenye kliniki kuna vijana wanaoishi na VVU wanaofundishwa kuwashika mkono wenzao, na mmoja akaeleza habari za Zimbabwe, mpango unaoitwa Zvandiri, kijana anamfuata kijana mwenzie mpaka nyumbani kumuuliza umemeza. Na Tanzania zipo klabu za vijana kwenye vituo vya tiba na matunzo. Mtoto wa Afrika Kusini akapendekeza jambo dogo tu, pamba. Weka pamba ndani ya kikopo hakilii. Likatufaa, lakini mimi kama mwalimu nasema mtoto asihitaji pamba. Shule ya bweni iwe na chumba cha huduma ya kwanza ambacho kila mtoto anaingia, mwenye pumu, mwenye selimundu, mwenye kifafa, mwenye VVU, mlango mmoja, saa moja ya jioni, hakuna anayejua nani kafuata nini. Haihitaji bajeti hiyo. Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa, ilipitishwa hapa hapa Dodoma, na mwaka 2019 Bunge likaibadilisha ili kijana wa miaka 15 aweze kupima mwenyewe bila kusubiri ridhaa ya mzazi. Wabunge wamewaamini hawa watoto. Tusiwe wa mwisho.

Halafu kuna habari ambayo vijana wetu waliipokea kwa shangwe. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya sindano mpya ya kinga, lenakapaviri, unachomwa mara mbili kwa mwaka. Ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa miaka 16 mpaka 25 wa Afrika Kusini na Uganda, na kati ya 2,134 waliochomwa hiyo sindano hakuna hata mmoja aliyepata maambukizi. Sifuri. Wasichana wa Kampala wakasema hao ni dada zetu. Mabinti wetu wakapiga vigelegele vya Kigogo hapa, mpaka mlinzi akaja kuangalia. Dunia nzima ilikuwa inasubiri kitu ambacho mabinti wa Afrika walitoa mikono yao kukipima, hilo nataka kila binti hapa alibebe akitoka. Kazi iliyobaki ni iwafikie wote, na bei, na fedha, maana Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa ghafla, kijana mmoja wa Marekani aliwauliza watoto wetu kwenye kipindi, je dawa zenu zinatoka kwetu? Hakuwa anajua. Aliandika barua kwa mbunge wake. Watoto wetu nao wakauliza na sisi tunachangia kiasi gani sisi wenyewe? Hilo swali nimelipeleka ngazi za juu na nitaendelea kulipeleka.

Nchi yetu utafiti wa 2022 na 2023 ulionyesha asilimia 4.4 ya watu wazima wana VVU, mkoa wa Njombe asilimia 12.7. Tumeshuka. Ila kwa vijana mabinti wanaambukizwa zaidi ya wavulana wa umri wao, na wavulana wangu hapo nyuma msicheke, nyie mnapima kidogo kuliko dada zenu, jirekebisheni.

Sasa ombi kwenu wazazi. Kipindi kijacho watoto wa nchi zote wamekubaliana wasiongee wao, waongee wakubwa. Swali walilolituma ni moja, kwamba miaka ile ya themanini na tisini, nyie mliambiwa nini kuhusu huu ugonjwa, na mlimpoteza nani. Nataka wazazi watano. Bibi mmoja, tafadhali, tena wa kijijini, hata kama anaongea Kigogo tu tutatafsiri, na baba wawili angalau maana kina baba mnakimbia. Mchungaji na shehe pia mnakaribishwa kama wazazi, siyo kuhubiri. Ni Jumamosi ijayo saa tisa alasiri saa zetu, Kampala ni saa hiyo hiyo, Afrika Kusini saa nane, Marekani kwao ni asubuhi wametoka kuamka. Fomu za ruhusa ziko kwa dada pale mlangoni, kila mtoto moja, zisomeni kabla ya kutia saini, picha ya mtoto haitumwi bila nyie kukubali. Aliye tayari kuongea aniandikie jina lake leo kabla hajatoka. Mama uliyeniuliza lile swali, nimekuwekea nafasi ya kwanza.